Mtoto Mwenye Usonji Anapouma na Kupiga Kelele, Anatwambia Nini?



Katika mitaa yetu ya Pwani kuna watoto ambao majirani hawayajui majina yao, ila kelele zao wanazijua. Kuna vijana ambao hawajavuka geti la nyumbani tangu walipopata nguvu za kuwashinda mama zao. Wako pia wanaofungwa kamba mguuni mchana kutwa, na si kwamba wazazi hawawapendi. Mama anatoka kutafuta riziki na hana wa kumwachia.

Ukiuliza ana nini, utapata moja kati ya majibu matatu: ana tabia mbaya, ana wazimu, au ana jini. Kila jibu lina wenyewe wanaolitetea, lakini hakuna hata moja linalomwambia mzazi afanye nini kesho asubuhi mtoto akianza kujipiga kichwa ukutani. Leo nataka kueleza njia inayomwambia. Wataalamu wanaiita usaidizi chanya wa tabia. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe halihitaji mashine wala pesa nyingi. Linahitaji macho, daftari na subira.

Tunamzungumzia nani hasa? Ni mtu ambaye ulemavu wake ulianza utotoni na ukagusa namna akili inavyokua: mwenye usonji, mwenye sindromu ya Down, mwenye ulemavu wa akili, na baadhi ya wenye mtindio wa ubongo. Wengi wao hawaungui, hawapigi na hawasumbui mtu. Lakini wapo wanaouma, wanaovunja vitu, wanaojikwaruza hadi damu, au wanaotoka mbio barabarani bila kuangalia gari. Hao ndio wanaofungiwa, na hao ndio ninaowakusudia.

Tabia ni usemi

Msingi wa njia hii ni mmoja: tabia inayorudiwa ina kazi inayomfanyia mwenye nayo. Mtoto asiye na maneno ya kusema "nimechoka", "naumwa" au "kelele hizi zinaniua" atasema kwa mwili. Akiuma, watu wanamwondokea. Akipiga kelele, simu inaletwa. Akijigonga kichwa, mama anaacha sufuria na kumkimbilia. Mwili wake umejifunza lugha inayojibiwa, basi kwa nini aiache?

Mwaka wa 1985 watafiti wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha utafiti juu ya watoto wanne wenye ulemavu wa aina hii ambao walikuwa na fujo wakati wa masomo. Hawakuanza kwa kuuliza wawaadhibu vipi. Waliuliza fujo hizi hutokea wakati gani. Wakaona kuna fujo zinazokuja kazi inapokuwa ngumu, na kuna zinazokuja mwalimu anapomwachia mtoto kazi bila kumwangalia. Wakawafundisha watoto la kusema. Anayelemewa na kazi alifundishwa kusema kwamba hakuelewa, asaidiwe. Anayetaka kuangaliwa alifundishwa kumwuliza mwalimu kama anafanya kazi vizuri.

Fujo zilishuka sana. Lakini funzo kubwa liko hapa: mtoto alipofundishwa sentensi isiyolingana na sababu yake, fujo hazikupungua. Kumfundisha mtu kuomba msaada wakati anachotaka ni kuangaliwa hakumfai kitu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi ni kuijua sababu. Dawa inakuja baadaye.

Kutoka hapo fikra hii ilienea. Mwaka wa 1997 sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu ilizitaka shule zifikirie njia chanya pale tabia ya mtoto inapozuia masomo. Uingereza ilizinduka kwa aibu. Mwaka wa 2011 kamera za siri za BBC zilionyesha wafanyakazi wa hospitali ya Winterbourne View, karibu na Bristol, wakiwapiga na kuwadhalilisha watu wenye ulemavu wa akili waliopaswa kuwatunza. Wafanyakazi 11 walipatikana na hatia. Naitaja habari hii ili tusidhani kwamba ukatili huu ni wa maskini au wa wasiosoma. Popote mtu asiyeweza kujieleza anapoachwa na walezi waliochoka, wasiofunzwa na wasioangaliwa, mkono hunyanyuka.

Sababu nne, na moja ya kuanzia

Kabla ya yote, angalia mwili. Mtoto asiyesema hawezi kukwambia jino limeoza. Ikiwa tabia imeanza ghafla au imezidi ghafla, mpeleke hospitali kwanza: jino, sikio, kufunga choo, minyoo, kukosa usingizi, maumivu ya hedhi kwa msichana aliyebaleghe. Kifafa nacho huwapata watu wenye ulemavu wa akili zaidi kuliko wengine, na si kila kifafa humwangusha mtu. Wakati mwingine huwa ni kukodoa macho na kupotea kwa muda mfupi. Hakuna mpango wa tabia utakaotibu jino.

Mwili ukiwa salama, sababu nyingi huingia katika mafungu manne. La kwanza ni kutaka mtu: aangaliwe, aguswe, asemeshwe. La pili ni kutaka kitu, kama chakula, simu au kutoka nje. La tatu ni kukwepa: kazi, watu, kelele, nguo inayowasha, kuoshwa kichwa. La nne ni raha au utulivu ambao mwili wenyewe unaupata katika kitendo, kama kujitikisa au kuzungukazunguka, hata akiwa peke yake chumbani.

Tabia moja inaweza kuwa na sababu mbili tofauti kwa watoto wawili, na hata kwa mtoto mmoja saa mbili tofauti. Ndiyo maana ushauri wa jirani, "wangu nilimfanyia hivi akaacha", mara nyingi haufui dafu kwako.

Daftari la siku saba

Sababu haipatikani kwa kukisia. Chukua daftari la shule, piga mistari ugawe ukurasa mara tatu. Upande wa kwanza andika kilichotokea kabla: saa, mahali, nani alikuwapo, aliambiwa nini. Katikati andika alichofanya, kwa maneno ya kuonekana. Usiandike "alikuwa mkorofi". Andika "aliuma mkono wake wa kulia, akatupa kikombe". Upande wa tatu andika kilichofuata: nani alikuja, alipewa nini, aliondolewa wapi. Fanya hivyo siku saba.

Tuchukue mfano wa kutunga, ila hauko mbali na nyumba zetu. Mvulana wa miaka tisa ana usonji, na maneno yake hayazidi kumi. Nyumba nzima inasema mtoto huyu "hulipuka tu bila sababu". Mama anaandika wiki moja. Matukio ni 12, na katika hayo 9 yametokea baina ya magharibi na isha. Anatazama upande wa kwanza wa daftari: ndio wakati ndugu zake wamerudi chuoni, televisheni imewashwa, wageni wanaingia na kutoka, na sebule ni ndogo. Anatazama upande wa tatu: kila mara nyanya humshika mkono akampeleka uani, akamkalisha kwenye mkeka mpaka atulie.

Basi si kwamba hana sababu. Kelele zinamlemea, na ameshajua kwamba njia ya kufika uani ni kuuma mkono.

Sasa mpango unajiandika wenyewe, na una sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kubadilisha hali kabla haijaharibika. Magharibi ikikaribia, apelekwe uani mapema, kabla ya sebule kujaa. Televisheni ipunguzwe sauti. Hii si kumdekeza. Mtu mwenye mguu mbovu humwekei ngazi kisha ukamlaumu kwa kuanguka.

Sehemu ya pili ni kumpa njia nyingine ya kusema lile lile. Piga picha ya mkeka wa uani, ichapishe au ichore kwenye kadi, itundike mahali anapofikia. Mwongoze mkono wake aichukue akupe, na akikupa tu, mpeleke hapo hapo. Siku za mwanzo anaweza kukupa kadi mara kumi jioni moja. Mpeleke mara zote kumi. Njia mpya lazima iwe rahisi na ya haraka kuliko kuuma, la sivyo hataiona faida yake. Akishaizoea, baada ya wiki kadhaa, ndipo unapomfundisha kungoja: hesabu tano, halafu kumi, halafu mpaka mgeni amalize chai.

Sehemu ya tatu ni namna mnavyomjibu. Akitoa kadi, furahi waziwazi, mtajie alichofanya: "Umeniomba vizuri, twende." Akiuma, usipige kelele wala usimhubirie, maana wakati huo hasikii. Ondoa vya kukata, kinga mkono wake, sema maneno machache kwa sauti ya chini, na akianza kutulia mwonyeshe kadi. Na nyumba nzima ifuate mpango mmoja. Baba akifanya hivi, nyanya vile, na dada wa kazi vingine, mtoto atabaki na njia ile ya zamani kwa sababu ndiyo peke yake asiyoibahatisha.

Kuna jambo moja la kutahadhari. Tabia iliyokuwa ikijibiwa kila siku ikiacha kujibiwa, huweza kuzidi kwa siku chache kabla haijapungua. Ni kama mtu anayebisha hodi: asipofunguliwa hugonga kwa nguvu zaidi kabla ya kuondoka. Wazazi wengi hukata tamaa hapo, na mtoto akajifunza kwamba inafaa kugonga kwa nguvu. Lakini ikiwa kuzidi huko kutamuumiza yeye au mwengine, usijaribu peke yako, mtafute mtaalamu.

Ramadhani, harusi na chuo

Watoto wengi wenye usonji hushika utaratibu kama nguzo. Sisi Pwani tuna mwezi mzima unaougeuza utaratibu wa nyumba: chakula kinahama, usingizi unakatwa na daku, watu wanachelewa kurudi kutoka tarawehe. Mtoto asiyeelewa kwa nini mchana hakuna harufu ya chakula jikoni anaweza kuvurugika wiki ya kwanza nzima. Anza kumtayarisha siku kadhaa mbele kwa picha za mfuatano mpya wa siku, na umbakishie mambo mawili matatu yasiyobadilika: saa yake ya kula, saa ya kuoga, mahali pake pa kulala. Harusi ni vivyo hivyo. Mpeleke mapema kabla ya spika kufunguliwa, akae karibu na mlango, na mkubaliane nani atatoka naye.

Na nyinyi maalimu wetu wa chuo, nawaomba jambo. Mtoto kama huyu akiletwa, msianze kwa kumpima kwa juzuu. Mkalisheni mbele, mbali na dirisha. Mpeni aya fupi moja, kisha apumzike, kisha arudie. Mruhusuni kusimama. Akihifadhi sura moja fupi kwa mwaka na akapenda kuja chuoni, hiyo si kazi ndogo.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye"

Najua wapo watakaonijibu kwa methali hiyo. Methali ni ya kweli kwa mtoto anayejua alilofanya na akaweza kujizuia. Lakini fimbo kwa mtoto tunayemzungumzia inafanya nini? Haimwambii aombe vipi kutoka sebuleni. Inamziba mdomo pekee aliokuwa nao. Leo ataacha kuuma kwa hofu, kesho ataanza kukimbia au kujigonga kichwa, kwa kuwa kelele zilizomlemea ziko pale pale. Tena inamfundisha kwamba mkubwa akikasirika hupiga. Yeye naye atakuwa mkubwa.

Dini yetu nayo haiko upande wa fimbo hapa. Tumefundishwa katika hadithi mashuhuri kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na asiye na akili timamu ni mmoja wao. Ikiwa Mola wake hamwandikii dhambi, sisi tunamwadhibu kwa hesabu ya nani? Tunajua pia kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Masahaba waliinuka kumkemea, Mtume akawazuia, akamwacha amalize, akaamuru pamwagwe maji, kisha akamweleza kwa upole msikiti ni wa kazi gani. Bedui yule hakuwa na ulemavu, alikuwa hajui tu. Lakini utaratibu ni huo huo: zuia madhara, tuliza, safisha, fundisha.

Kuhusu majini, sisi Waislamu hatukanushi kuwapo kwao, na dua kwa mgonjwa ni sunna. Msomee mwanao asubuhi na jioni. Lakini dua haihitaji kamba, kiboko, moshi wa kumziba pumzi wala siku tatu bila chakula. Anayekwambia umwachishe mtoto dawa ya kifafa ili "kazi" yake ishike, mkimbie.

Na sheria ya nchi iko wazi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko. Kifungu cha 53 kinamlinda mtoto na adhabu za kikatili. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku adhabu ya kumpiga mwanafunzi shuleni.

Je, si hongo hiyo?

Swali hili huulizwa sana: ukimpa mtoto biskuti kwa kutulia, si unamhonga? Tofauti iko kwenye wakati. Ukimpa biskuti akiwa anapiga kelele ili anyamaze, umenunua kelele za kesho. Ukimpa baada ya kuomba vizuri, umemlipa ujira wa kazi iliyokuwa ngumu kwake. Na si lazima iwe biskuti. Kwa wengine ujira ni kubebwa mgongoni, kwa wengine ni kumwaga maji kwenye beseni.

Pia tujiulize ni tabia gani tunayotaka iondoke. Watu wazima wenye usonji wamelalamika, na wana haki, kwamba baadhi ya mafunzo waliyopitia utotoni yalitaka tu waonekane kama wengine. Mtoto anayepunga mikono akifurahi hamdhuru mtu. Tukimzuia, tunatibu aibu yetu sisi. Kipimo kiwe hiki: tabia hii inamuumiza yeye, inaumiza wengine, au inamfungia mlango wa kusoma na kutoka nje? Kama hakuna hata moja, mwacheni.

Pa kuanzia

Kwa tathmini ya masomo, ulizia ofisi za elimu za kaunti yako kilipo kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, kinachojulikana kwa kifupi EARC. Hospitali kubwa za kaunti ndizo za kuulizia wataalamu wa usemi na wa tiba ya shughuli. Nenda na daftari lako la siku saba. Litamsaidia mtaalamu kuliko kumweleza kwamba mtoto "ni msumbufu". Mwandikishe mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi. Na familia isiyojiweza yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa iulize kwa chifu kuhusu Inua Jamii, ambayo hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliosajiliwa.

Lakini mpango wowote huu utavunjika ikiwa mama yuko peke yake. Mtu asiyelala hawezi kujibu kwa sauti ya chini saa nane za usiku. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo tulivyoufanya mzigo huu: tunaupita mlangoni tukiuona mwepesi. Jirani akikaa na mtoto yule saa mbili Jumamosi, mama akaoga na kulala, hiyo ni sehemu ya tiba. Kamati ya msikiti ikiwatafutia wazazi hawa chumba cha kukutana mara moja kwa mwezi wabadilishane madaftari, hiyo pia ni tiba. Na baba, hasa baba, aache kusema "mtoto wako" anapomzungumzia mtoto wao.

Ikiwa una mtoto kama huyu nyumbani, nunua daftari wiki hii. Ikiwa huna, unaijua nyumba yenye naye. Kabisheni hodi, na mara hii ulizeni jina lake.

Mwenyezi Mungu awape wazazi hawa subira, na atupe sisi haya ya kutowaacha peke yao. Wabillahi tawfiq.